Mdomo wa Chiriku

Sabuni iliteleza kila mahali isipokuwa pale. Ilipita kipajini, ikazunguka masikio, ikashuka kidevuni. Lakini ilipofika shavuni, upana wa kidole kutoka pembe ya mdomo, mkono wa mama ulikwama. Akarudia. Ukakwama tena. Palikuwa na mstari wa kitu chenye kunata, mwembamba kama ukucha, umeshika vinyweleo na vumbi la kutwa nzima hata ukawa mweusi. Akaugeuza uso wa mtoto kuelekea mwanga wa dirisha. Upande wa pili palikuwa na pacha wake: mstari ule ule, umbali ule ule kutoka mdomoni, kana kwamba mtu alipima kwa rula.

"Hii ni nini, mwanangu?"

Mtoto akamtazama, kisha akatazama maji.

Huko kutazama maji ndiko kulikomtisha. Binti huyu alikuwa na miaka minne, na tangu ulimi wake ulipofunguka hakuwahi kuliacha swali lipite bila jibu, hata lisilomhusu. Alikuwa akiihutubia sabuni, akigombana na viatu vyake kwa kuingia mguu usio wao, akimsimulia mgeni habari za mgeni aliyetangulia. Watu walikuja nyumbani kwa miguu miwili wakaondoka na masikio yanayochechemea. Baba yake ndiye aliyembatiza jina la Chiriku, na lile jina jingine likabaki kwenye cheti cha kuzaliwa, likikunjwa na kukunjuliwa pale tu ilipohitajika karatasi.

Jumatatu ya wiki hiyo Chiriku alianza chekechea. Mama alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alisoma, aliuliza wazazi wenzake, hata alitia leso ya ziada mkobani. Walipofika getini, mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliwapokea kwa bashasha. Chiriku akauachia mkono wa mama yake, akamwuliza mwalimu mkuu kwa nini miwani yake haikai machoni, na kabla ya kupata jibu alikuwa amekwisha ingia ndani. Hakugeuka. Leso ile ilitumika, ila si na mtoto.

Jioni ya Jumatatu mtoto alizungumza hadi kijiko kikamwanguka. Jumanne alirudi na maneno nusu, mama akasema ni uchovu. Jumatano, yaani leo hii, baba yake alipokwenda kumchukua, walitembea njia nzima bila neno, na baba, fundi wa majokofu aliyezoea kutafuta hitilafu kwa kusikiliza, alifika nyumbani akasema, "Huyu leo hana mlio."

Sasa mama alimfuta maji, akamvisha, akamkalisha mapajani na kumpa mwanasesere wake wa kitambaa.

"Huyu mtoto yuko shuleni," mama akasema. "Anaongea, anaongea, anaongea. Mwalimu anafanyaje?"

Chiriku alimlaza mwanasesere chali. Akalowesha kidole kwa ulimi, akapiga mstari kutoka shavu hadi shavu, juu ya ule mdomo wa uzi mwekundu. Kisha akaukandamiza mara mbili kwa kiganja, huku na huku, kwa ustadi wa mtu aliyekwisha iona kazi hiyo ikifanywa.

Mama hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa afisa afya, na katika mitaa yote ambako alikagua migahawa, mabucha na viwanda vya mikate, watu walimwita Bibi Afya kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa. Wapishi walizijua nyayo zake sakafuni kabla hajafika mlangoni. Aliamini kwamba wapiga kelele ni wale wasiozijua kanuni; anayezijua hufungua faili, huchomoa kalamu, na hapo mwenye duka jasho humtoka lenyewe. Jioni ile alichukua mafuta ya kupikia na pamba, akaifuta gundi ile kwenye mashavu ya mwanawe taratibu, tone kwa tone, na kila tone lilipokuwa likiyeyusha mstari shavuni, ndani yake yeye kitu kilikuwa kikiganda.

Mumewe alisimama mlangoni akisikiliza. Alipomaliza kuelezwa, alikaa chini.

"Kesho asiende," akasema. "Mimi na wewe twende tukamwulize mwalimu."

"Mwizi haulizwi alikopita. Hufuatwa nyayo."

"Basi tumwambie mwalimu mkuu."

"Atatuomba radhi, atatupa chai, atamwita mwalimu naye aombe radhi, tutarudi nyumbani tumejaa chai." Alikuwa akiizungusha ile pamba nyeusi vidoleni. "Mimi sitauliza. Nitakagua."

"Utakwenda kama nani?"

"Kama aliyetumwa na sheria."

"Mama Chiriku, hasira..."

"Usinimalizie. Najua ni hasara. Acha hii iwe hasara yangu." Akaongeza jambo ambalo baadaye lilimrudia mara nyingi kuliko mengine yote: "Na mtoto kesho ataenda. Asipoonekana, yule mwanamke atajua tumejua. Nataka nimkute hana habari."

Mume aliinuka. Alimchukua mtoto mapajani pa mama yake akaenda naye chumba cha pili.

*

Asubuhi ya Alhamisi Bibi Afya alipiga pasi sare yake ya kazi mara mbili. Alimwacha mume ampeleke mtoto, naye akaenda ofisini kabla ya wote. Shule ile haikuwa katika eneo lake; ilikuwa ya mwenzake wa meza ya pili, bwana mmoja mpole mwenye kikohozi kisichopona, ambaye alimkuta tayari amelishika faili lake mkononi.

"Hiyo nimeikagua miezi miwili iliyopita," mwenzake akasema. "Iko safi kama sahani."

"Sahani huoshwa kila siku."

"Kuna malalamiko?"

"Yapo."

"Ya nani?"

Alilifunga faili. "Ya mzazi mmoja."

Mwenzake alikohoa, akamkagua usoni kama wanavyokagua tarehe kwenye kopo. "Bibi Afya, leo una uso wa kufunga mahali."

Ni kweli. Njiani alihisi wepesi ambao hakuwa ameuhisi kwa siku nyingi. Kisasi, kabla hakijafanyika, kina utamu wa safari: mtu hupanga, hufunga, hufungua, hufunga upya. Alimpanga yule mwalimu, ambaye hakuwahi kumwona, akampa umri wa makamo, vidole vya kucha ndefu, na jicho la dharau. Akampangia maneno ya kusema na mahali pa kusimama akiyasema. Hadi anafika getini alikuwa ameshamfukuza kazi mara tatu, na kila mara alimfukuza vizuri zaidi.

Mwalimu mkuu alimwona, akatabasamu, akaivaa miwani. "Karibu mama! Mbona mapema? Chiriku wetu hajambo, yuko darasani."

"Leo sikuja kama mama," akajibu, akamwonyesha kitambulisho.

Tabasamu la mwalimu mkuu halikuondoka. Lilibaki tu pale pale bila mwenyewe.

Alianzia jikoni. Akapima ubaridi wa jokofu la maziwa, akapitisha kidole nyuma ya makabati, akalinusa dekio. Akaenda vyooni, akahesabu sabuni, akavuta kila mnyororo na kukuta mmoja umekatika. Akapanda ngazi hadi kwenye tangi la maji na kukuta mfuniko una ufa wa urefu wa kiganja. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza hapakuwa na mkasi. Mlango wa stoo ulifungukia ndani badala ya nje. Basi. Shule ilikuwa safi kama sahani, kama alivyoambiwa, na vitu vinne vile vingerekebishwa na fundi mmoja kwa asubuhi moja. Lakini fomu ya ukaguzi ina safu mbili, ya dosari na ya hatari, na maneno hayo mawili hutofautiana kwa herufi tatu tu za mwanzo. Alisimama kivulini mwa tangi, mwalimu mkuu akihema nyuma yake, akaviandika vyote vinne katika safu ya pili.

"Hatari?" mwalimu mkuu alichungulia. "Mfuniko wa tangi?"

"Hatari nne zinatosha kufunga," akasema. "Sasa nionyeshe madarasa. Nianze na la wadogo."

*

Sauti aliisikia kabla ya kufika mlangoni, nayo haikuwa sauti aliyoipanga. Ilikuwa imekwaruzika, imepasuka katikati, sauti ya mtu anayesukuma gari bovu kwa koo. Aliposimama kizingitini alimwona mwenyewe: msichana, tuseme, wa miaka ishirini na minne, mwembamba, pua nyekundu kwa mafua, kitambaa cha kufutia mafua kimechomekwa kwenye mkono wa sweta. Mtoto mmoja alikuwa amemng'ang'ania mguu. Mwingine alikuwa akimwaga maji kwa makini sana ndani ya kiatu. Wengine walikaa, walisimama, walilala juu ya meza ndogo ndogo za rangi, na wote walikuwa wakizungumza kwa pamoja. Wote isipokuwa mmoja. Chiriku alikuwa safu ya pili, mikono juu ya meza, mdomo umefungwa bila kufungwa na mtu.

Juu ya meza ya mwalimu, kati ya chaki na kikombe cha maji, palikuwa na utepe wa gundi, ule mpana wa kahawia wa kufungia maboksi.

Bibi Afya alivuka darasa, akauchukua.

"Huu ni wa nini?"

Msichana aligeuka. Aliiona sare, akamwona mwalimu mkuu mlangoni, akajipangusa pua haraka. "Shikamoo. Ni selotepu ya kubandikia picha, afisa."

"Na midomo?"

Darasa halikunyamaza, watoto hawakujua kwamba kuna jambo. Lakini uso wa msichana ulinyamaza. Rangi ilimtoka kuanzia kipajini kwenda chini, kama pazia linaloshushwa. Akamtazama Chiriku, akamtazama tena afisa, na mara hii aliona yale ambayo kila mtu huyaona akiwaweka wawili hawa pamoja: paji lile lile, nyusi zile zile.

"Wewe ni mama yake," akasema.

"Nimekuuliza."

"Mama, hebu twendeni ofisini," mwalimu mkuu akaingilia.

"Anijibu hapa hapa. Alifanya hapa hapa."

Msichana alijaribu kumbandua yule mtoto mguuni, akashindwa, akaacha. "Juzi mmoja alikuwa anatapika pale pembeni. Wawili wanapigana. Huyu wako haachi kuuliza, ananifuata, ananivuta nguo, anauliza matapishi yanatoka wapi. Nikasema dakika moja tu. Nipate dakika moja."

"Ikawa dakika ngapi?"

Msichana alikichomoa kitambaa mkononi mwa sweta, akakikunja.

"Ngapi?"

"Nilisahau," msichana akasema, kwa sauti iliyobaki kidogo mno. "Niliona wakati wa kwenda nyumbani."

"Na jana?"

"Jana nilikumbuka kuutoa."

Jana nilikumbuka! Mtu anaweza kubeba maneno mengi, lakini haya yalimpasua mama yule kwa ncha mbili. Mtoto wake alikuwa amekaa kwenye kile kiti kidogo cha bluu, mdomo umepigwa kiraka kama boksi la viatu, na akasahauliwa. Siku ya pili akafanyiwa tena, mara hii kwa kukusudia. Hotuba yote aliyoipanga njiani ilimtoka kichwani. Lilibaki jambo moja, dogo, lililokamilika. Aliuvuta mwanzo wa utepe kwa ukucha. Ukalia ule mlio wake wa kuchanika, na watoto kadhaa waligeuka. Aliukata kwa meno. Akaunyoosha mkono.

"Jibandike."

"Mama!" Mwalimu mkuu alishika fremu ya mlango.

"Nimeshaandika hatari nne," akasema bila kugeuka. "Sijaweka sahihi. Nikiiweka, kesho hapa kuna kufuli."

Msichana aliutazama ule utepe. Akamtazama mwalimu mkuu, ambaye aliinamia miwani yake akaanza kuifuta. Hapo msichana akaelewa kwamba yuko peke yake. Akaupokea, akauweka mdomoni, akaukandamiza mara mbili, huku na huku.

Sasa darasa lilinyamaza. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu palikuwa na utulivu ambao msichana yule, bila shaka, alikuwa akiuomba tangu Jumatatu. Kisha mtoto mmoja akacheka, wa pili akacheka kwa sababu wa kwanza amecheka, na kicheko kikaruka meza kwa meza. Bibi Afya alisimama katikati yake akihisi joto tamu likimshuka kifuani. Hakika lilikuwa tamu. Asingeweza kudanganya baadaye kwamba halikuwa. Alimtazama mwanamke aliyemziba mwanawe akiwa amezibwa, na akataka dakika zile ziwe nyingi, ziwe nyingi hadi wakati wa kwenda nyumbani.

Ndipo Chiriku alipopanda juu ya kiti.

"Mwongeze mwingine, mama!" akapaza sauti. Sauti ile ile, kamili, iliyokuwa imepotea siku mbili. Ikatoka ikiwa imeng'aa kama kitu kipya. "Mwongeze mkubwa! Mpaka machoni!"

Moyo wa mama uliruka kwa furaha. Anaongea! Na uliporuka hivyo, ukiwa bado hewani, aliuona uso wa mwanawe: macho yanawaka, meno yote nje, kidole kimemnyooshea mwalimu. Hakuwahi kuuona uso huo kwa mtoto. Lakini aliujua. Asubuhi ile ile alikuwa amesimama mbele ya kioo akiufungia vifungo.

"Mwingine! Mwingine!" darasa zima likapokea, likipiga meza kwa viganja.

Msichana hakusogea. Macho yake hayakuwa kwa afisa wala kwa watoto wanaopiga meza; yalikuwa kwa Chiriku, na machozi yalikuwa yakishuka hadi kwenye ukingo wa utepe na kukosa pa kwenda. Pua yake, iliyojaa mafua, ilikuwa ikivuta hewa kwa mlio mwembamba. Mabega yakaanza kupanda. Bibi Afya alizisikia pumzi zile kwa masikio ya kazi: moja fupi, moja fupi zaidi. Jumanne Chiriku naye alikuwa na mafua. Alikumbuka alivyompangusa kamasi asubuhi kabla ya kumpeleka shuleni.

Alimshika msichana kidevu. Akaanza kuubandua utepe kwa pembe moja, taratibu, kama anavyoondolewa mtu bandeji kwenye kidonda, naye msichana akafumba macho. Ulipotoka wote, ulikuwa na vinyweleo vidogo vidogo, na juu ya mdomo ngozi ilikuwa imeachwa nyekundu. Msichana alivuta hewa kwa kinywa, mara moja, kubwa. Kisha akachukua mkoba wake chini ya meza, akamtoa kwa upole yule mtoto aliyemshika mguu, akapita kati ya watoto, akampita mwalimu mkuu, akaondoka.

"Mwalimu anaenda wapi?" mtoto mmoja akauliza.

Bibi Afya aligeuka kulitazama darasa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alifanya kazi iliyomleta, alihesabu. Arobaini na watatu. Watoto arobaini na watatu, mwalimu mmoja, na mwalimu huyo mmoja ameondoka. Alikuwa amepanda hadi tangini kutafuta hatari, na hatari ilikuwa hapa imekaa kwenye viti vya rangi, hakuiona kwa sababu alikuwa akitafuta uso.

"Walikuwa wawili," mwalimu mkuu alinong'ona. "Mwenzake aliacha mwezi uliopita. Nilisema nitapata mwingine."

"Lini?"

Mwalimu mkuu aliendelea kuifuta miwani.

*

Chiriku alirudi nyumbani na mlio wote. Alimsimulia baba yake, alimsimulia jirani juu ya ukuta, alivisimulia viatu. Kila simulizi ilipopita, utepe ulirefuka. Kwa jirani ulifika masikioni. Kwa viatu ulimzunguka mwalimu mwili mzima, na mwalimu akalia mpaka maji yakajaa darasani. Baba alisikiliza huku akikaza skrubu ya feni, hakuinua kichwa.

"Amepona," mama akasema.

"Anaongea," baba akajibu.

Chiriku alikuja akamkalia mama mapajani, akamshika uso kwa viganja viwili ili amtazame vizuri, kama alivyozoea anapokuwa na jambo la maana.

"Mama, kesho tumbandike nani?"

Skrubu ilianguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota.

Ijumaa Bibi Afya alilirudisha faili kwenye meza ya mwenzake. Zile hatari nne alikuwa amezikata kwa mstari mmoja mmoja na kuziandika upya katika safu ya dosari, na chini yake, peke yake katika safu ya hatari, aliandika idadi ya watoto na idadi ya walimu. "Weka sahihi wewe," akamwambia mwenzake, "ukisha kwenda kuona mwenyewe. Mzazi aliyelalamika ni mimi." Mwenzake alikohoa kwa muda mrefu. Barua ya mwalimu mkuu ilikuwa imekwisha fika kwa mkuu wa kitengo, na kabla ya adhuhuri Bibi Afya alitakiwa akabidhi kitambulisho cha ukaguzi na kukaa masjala hadi atakapoitwa kujieleza. Aliketi kati ya makabati ya chuma. Wapishi wa mtaa mzima, habari zilipowafikia, walipumua.

Hakujuta kama watu wanavyodhani mtu hujuta. Kila alipojaribu kumwonea yule msichana huruma, lilikuja lile neno, jana nilikumbuka, nalo likaikausha huruma. Na kila alipoifurahia ile dakika ya darasani, alimwona mtoto juu ya kiti. Alikaa hivyo siku mbili, kama mtu aliyeketi kwenye bembea peke yake, miguu haifiki chini.

Jumamosi alasiri alimwomba mwalimu mkuu kwa simu anwani ya yule msichana. Mwalimu mkuu, pengine kwa woga, alimpa. Alimwambia mumewe anakwenda kudai radhi iliyo kamili, msichana aje aitamke mbele ya mtoto. Mume alimwambia aende.

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana ya useremala, vyumba vitatu vinavyotazamana na ua mmoja. Msichana alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake, kikombe cha maji ya chumvi kando yake, akisukutua koo na kutema kwenye maua. Alimwona mgeni akivuka ua, lakini hakuinuka. Juu ya mdomo wake palikuwa na ukoko mdogo.

"Umekuja na fomu?" akauliza. Sauti ilikuwa bado imepasuka.

"Sina fomu. Wameninyang'anya."

"Na mimi wameniambia nisirudi." Alisema bila kulaumu, kama mtu anayelinganisha saa yake na ya mwenzake. "Nilimkosea mtoto wako. Ungeniambia nije kwenu nipige magoti, ningekuja na ningepiga. Mbele yake, mbele ya baba yake. Nilikuwa nimejiandaa hivyo tangu Jumanne, nikawa naogopa tu. Lakini wewe..." Akachukua kikombe, akasukutua, akatema. "Basi."

Ile radhi ilikuwa imetolewa, nzima, kabla ya kudaiwa, na Bibi Afya alisimama nayo mikononi asijue inawekwa wapi. Karakanani randa lilikuwa likipita juu ya mbao, likirudi, likipita.

"Anaongea?" msichana akauliza.

"Anaongea."

"Tangu lini?"

"Tangu pale pale."

"Alhamdu..." Msichana alifunga macho, akayafungua. Kwa mara ya kwanza kitu kama nuru kilimpita usoni. "Anasema nini?"

Bibi Afya alitaka kusema, hajambo. Alitaka kusema, mambo ya kitoto. Alikuwa na majibu kumi ya aina hiyo, yote safi, yote yangepita ukaguzi. Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Anauliza kesho tumbandike nani."

Randa likanyamaza, seremala labda alikuwa akigeuza ubao. Msichana alimtazama bila hasira na bila kumwonea huruma, kama watu wawili wanavyoweza kutazamana wakikutana kwenye mlango wa wodi moja. Kisha akakichukua kikombe kilichokuwa kando yake, akakihamishia upande wa pili.

Pale kilipokuwa palibaki mahali patupu pa ngazi, panapomtosha mtu mmoja. Bibi Afya hakuweza kujua kama alikuwa ametengewa nafasi, au kama kikombe kilikuwa kimehamishwa tu. Aliendelea kusimama, randa nalo likaanza upya.